Papadi haihitaji kushinda juani

Wengi wanaotengeneza papadi nyumbani, vile vimkate vyembamba vya unga vinavyokaangwa, huamini kwamba kadiri inavyopigwa na jua ndivyo itakavyofura. Hofu ya kuitoa juani mapema ina msingi: papadi isiyokauka vizuri huota ukungu upesi. Lakini kule Gujarat na Rajasthan, majimbo ya India, papadi za unga wa urad, jamii ya choroko, mara nyingi huanikwa kivulini, au juani kwa muda mfupi. Unyevu kidogo unaobaki ndio unaogeuka mvuke kwenye mafuta ya moto na kuinua vile vilengelenge. Ikikauka kupita kiasi hujikunja na kupasuka kingo. (Za mchele au za sago, zile punje za wanga, ni habari nyingine, hizo hushinda juani.)

Jaribu mwenyewe: donge moja, papadi mbili, moja kivulini, nyingine juani kutwa, kisha zikaange katika mafuta yaleyale. Iliyo tayari kukaangwa hupinda kidogo mkononi kabla ya kuvunjika.