DKMS ni nini, na kwa nini waifai inapotea baada ya kuapdeti

Umeapdeti laptopu yako ya Ubuntu usiku, asubuhi unawasha waifai hamna kabisa. Mimi yalinikuta na kidude changu cha waifai cha USB, nikajua kishakufa, kumbe kizima, draiva yake (programu inayokiendesha) tu ndo haikuwepo kwenye kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kilichokuja na apdeti.

Iko hivi, draiva nyingi za Linux zinakaa ndani ya kerneli, msimbo wake unatunzwa humohumo, kerneli ikitoka na zenyewe zinatoka. Ila zipo zinazoishi nje, wenyewe wanazitengeneza na kuzisambaza kivyao: ya Nvidia, ZFS (mfumo wa kutunza mafaili kwenye diski) ambayo watu wanabishana miaka yote kama leseni yake inapatana na GPL, leseni ya kerneli, na chipu kibao za waifai. Hata WireGuard, ile ya VPN, ilianzia huko nje, ikaingizwa ndani kwenye kerneli 5.6 mwaka 2020.

Shida ya kuishi nje ni kwamba draiva ikishakompailiwa, yaani msimbo ukishageuzwa kuwa lugha ya mashine, inakuwa faili la .ko lililoshonwa kwa kerneli moja, ndani lina alama inaitwa vermagic inayotaja toleo lake, ukilipeleka kwenye kerneli nyingine linagoma, unaambiwa "Invalid module format". Na watu wa Linux walishakataa kuahidi kwamba mambo ya ndani ya kerneli hayatabadilika, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, kaandika waraka mzima kueleza kwa nini. Msimamo wao ni leta draiva yako ndani, tukigusa kitu tutairekebisha wenyewe. Mi naona wana haki, ila anayeumia ni mtumiaji.

Ndo hapo DKMS (Dynamic Kernel Module Support) inapoingia, ilianzia Dell mwaka 2003. Badala ya kukupa shati lililokwisha shonwa wanakuachia kitambaa na fundi anakaa kwako. Msimbo wa draiva unalala kwenye /usr/src pamoja na kafaili kadogo dkms.conf kenye maelekezo, kerneli mpya ikiingia tu DKMS inakompaili upya na kuweka .ko kwenye folda ya kerneli hiyo chini ya /lib/modules. Ukiona apdeti inachelewa na feni inavuma, mara nyingi ni fundi yuko kazini.

Sasa fundi anataka vipimo, yaani heda za kerneli ileile, mafaili yanayoonyesha kerneli imejengwaje. Mimi nilikuwa nimesakinisha za toleo moja tu badala ya linux-headers-generic inayokwenda na kila toleo, kwa hiyo kerneli mpya ikaja bila heda, na kuzipakua kunataka intaneti, na intaneti ndo hiyo waifai iliyokufa! Nikachomeka simu kwa waya nikatumia bando lake, nikapiga

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

nikariboti, ikarudi. Ukiandika dkms status unataka kuona neno installed mbele ya kerneli yako.

Kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta ikiwaka) imewashwa, draiva lazima isainiwe, ile skrini ya bluu inayotokea wakati wa kuwaka ikitaka paswedi usiiruke, wengi wanaipita halafu wanalalamika.

Na DKMS haitibu msimbo uliopitwa na wakati. Kerneli ikibadilisha kitu ambacho draiva inakitegemea, kukompaili kunafeli, sababu utaikuta kwenye make.log ndani ya /var/lib/dkms, hapo unamsubiri mwenye draiva arekebishe. Wakati unasubiri ingia GRUB, ile menyu ya wakati wa kuwaka, Advanced options, chagua kerneli ya zamani, .ko yake bado ipo palepale. Siku ile sikulijua hili, bando likaisha bure.