Weusi juu ya pambo la fedha si dalili ya ughushi

Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba fedha halisi haiingii weusi, na kwamba mkufu au bangili ya zamani iliyobadilika rangi lazima iwe bandia. Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha kuona mapambo mazuri yakikataliwa kwa sababu yake.

Fedha humenyuka na gesi zenye salfa zilizomo hewani, hususan salfidi ya hidrojeni, na juu yake hujengeka utando mwembamba wa salfidi ya fedha ambao huanza kwa umanjano, ukawa hudhurungi, na hatimaye mweusi. Hata fedha isiyochanganywa hupatwa na hali hiyo. Ile ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba, huwahi zaidi kubadilika. Kwa hiyo pambo kuukuu linalong'aa pasipo kusafishwa ndilo linalostahili kuulizwa maswali: huenda limepakwa rodiamu, metali nyeupe isiyoingia weusi, au si fedha kabisa.

Sumaku nayo haitoshi. Haivuti fedha, lakini pia haivuti shaba.

Mnunuzi achunguze alama iliyogongwa, kama vile 925, au simba atembeaye aliyetumika Uingereza tangu 1544, huku akikumbuka kwamba alama nazo hughushiwa. Wala asikimbilie kusugua, kwani kila msuguo huondoa chembe za fedha, na weusi uliomo ndani ya michoro mara nyingi uliwekwa na sonara mwenyewe ili nakshi ionekane.