Jiwe moja tu

"Mchungaji, mi nilirusha jiwe moja tu, na sidhani hata kama lilimpata."

Hayo niliambiwa na kijana mmoja wa boda, Jumatatu, siku mbili baada ya kibaka mmoja aliyeiba simu kuuawa na umati pale karibu na stendi. Alikaa na helmeti yake mapajani anaizungusha zungusha, hanitazami. Sikumuuliza kitu, alianza mwenyewe.

Mi nafundisha Agano la Kale chuo cha Biblia, mwaka wa kumi na tatu huu, na Jumatano jioni naongoza kipindi cha Biblia usharikani, kwa hiyo watu wananiletea mistari kama mtu anavyompelekea fundi redio iliyogoma. Wiki ile mstari nilioletewa ulikuwa mmoja, na watu watatu tofauti: Kutoka 22:2. Kwamba mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. "Si unaona mchungaji, Biblia yenyewe imeruhusu." Mmoja alinitumia kwenye wasapu na alama ya kidole gumba, ishu imekwisha.

Sasa jamani, mstari wa 3 uko hapo hapo chini yake, hata ukurasa haufungui. Unasema jua likiwa limeshachomoza, basi hatia ya damu ipo, na mwizi atalipa alichoiba. Usiku gizani mtu kakuvunjia mlango, hujui kaja na panga au kaja na mikono mitupu, umempiga kwa hofu, hiyo sheria inakuelewa. Mchana unamwona, unaweza kumshika, unaweza kuita watu wakusaidie kumfunga kamba, ukimuua hapo umeua mtu. Na fidia yake imeandikwa kabisa: ng'ombe aliyechinjwa au kuuzwa analipwa ng'ombe watano, kondoo analipwa wanne, mali ikikutwa bado iko mkononi mwake analipa mara mbili. Asiye na kitu anauzwa alipe deni, kali sana hiyo, wala sisemi tuirudishe, lakini angalia hesabu zote hizo zinamtaka mwizi awe hai. Maiti hailipi kondoo.

Yule wa stendi ilikuwa saa nne asubuhi. Simu aliiba kweli, sitaki mtu aniambie labda alisingiziwa, maana tukianza kumtetea kwa kusema hakuiba tutakuwa tumekubali kwamba angekuwa ameiba ni sawa.

Turudi kwenye amri yenyewe, "Usiue." Kiswahili tunasema kuua tu, nyoka unaua, mbu unaua, jeshi linaua. Kiebrania kina vitenzi kadhaa na kilichowekwa pale kwenye Amri Kumi ni ratsakhi, ambacho si neno la kawaida la vitani wala la kuchinja mnyama, ni damu ya mtu iliyomwagwa na mtu. Na Hesabu 35 inalitumia hata kwa aliyeua bila kukusudia. Huyo, aliyeua kabisa, Torati inampa miji 6 ya kukimbilia, mitatu kila upande wa Yordani, na sheria iko wazi: asife mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe, na shahidi mmoja hatoshi kumfisha mtu. Kama alikusudia atatolewa, ndiyo, ila baada ya kusikilizwa. Muuaji anapewa mji mzima wa kukimbilia, kibaka wetu hakupewa hata choo cha stendi.

Ibara ya 14 ya Katiba yetu nayo inasema kila mtu ana haki ya kuishi, ila nimejifunza kwamba ukiisoma kanisani watu wanaangalia saa.

Kilichonishika mimi ni hilo "jiwe moja tu". Magazeti yetu yana lugha yake, "ameuawa na wananchi wenye hasira kali", na ukiisoma vile unaona kama mvua, imenyesha tu, hakuna aliyeileta. Torati haikubali kabisa hiyo. Kumbukumbu 17:7 inasema shahidi ndiye atangulie kutupa jiwe, mkono wake uwe wa kwanza, yaani jiwe lina mwenyewe, lina uso. Ndiyo maana Yesu kwenye Yohana 8 hakuwaambia wale waandishi na Mafarisayo waliomleta mwanamke aliyefumaniwa akizini "msirushe", aliwaambia asiye na dhambi ndiye aanze, wakaondoka mmoja mmoja kuanzia wazee. Walikuja kundi wakaondoka mmoja mmoja, mi hapo huwa nasimama darasani nawaacha wanafunzi wakae nalo dakika nzima. (Na yule mwanaume aliyefumaniwa naye yuko wapi? Walawi 20:10 inawataka wote wawili. Siku nyingine.)

Halafu Stefano, yule aliyeuawa kwa mawe kwenye Matendo 7. Mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa kijana anaitwa Sauli, na yeye hakurusha hata kokoto, alishika nguo tu. Miaka mingi baadaye ameshakuwa Paulo, anajitetea Yerusalemu, Matendo 22:20, bado analitaja mwenyewe, nilikuwa nimesimama pale nikitunza nguo zao. Hakusema "mi nilikuwa naangalia tu". Nikamsomea kijana wa boda mstari huo, akanyamaza, akasema kuna mwenzao alikuwa anarekodi klipu.

Akaniuliza afanye nini. Nilimwambia kituo cha polisi anakijua kilipo na nitakwenda naye. Kwenye Kanuni ya Adhabu nia ya pamoja ni nia ya pamoja, yaani walioungana kutenda kosa kila mmoja anahesabiwa katenda, sikumficha. Hajaamua mpaka leo, na mi sijamsukuma wala sijamwacha, kila Alhamisi nampigia.

Ila kuna sura sikumsomea kwa sababu ilikuwa ya kwangu. Kumbukumbu 21: ikikutwa maiti shambani na aliyeua hajulikani, wazee watoke wapime mpaka mji ulio karibu zaidi, na wazee wa mji huo ndio wanaonawa mikono juu ya ndama aliyevunjwa shingo na kusema mikono yetu haikumwaga damu hii na macho yetu hayakuona.

Jumamosi ile saa nne kwaya yetu ilikuwa mazoezini kanisani. Tulisikia "mwizi! mwizi!" wote, na mtu wa mitambo akaongeza spika kidogo ili waimbaji wasipoteze sauti, na ni mimi nilimwashiria kwa mkono.

Alhamisi jioni nilipima kwa miguu kutoka pale palipobaki doa jeusi la tairi. Stendi yenyewe ni hatua 260, baa ya jirani 190. Geti letu 114.