Kiazi cha Siku 30: Kujenga Dunia Isiyokuwepo

Mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi hupewa na msomaji wake ruhusa moja tu, nayo ni kubadili jambo moja katika ulimwengu ambao wote wawili wanaujua. Katika miaka yangu ya kuandika hapa Mbeya nimeona kwamba mwandishi anayeomba ruhusa ya pili na ya tatu kila kisa kinapomkwamia hupoteza imani ya msomaji, na imani hiyo ikishaondoka hairudishwi na utamu wa lugha. Mambo mengine yote lazima yabaki kama yalivyo, tena yawe sahihi.

Riwaya ninayoiandika sasa inahusu kiazi mviringo. Katika mashamba ya milima ya Uporoto, huku Mbeya, kiazi hukomaa kwa takribani miezi mitatu hadi minne, lakini katika riwaya yangu ipo mbegu inayokomaa kwa siku 30. Baada ya hapo kazi yangu ni kufuatilia badiliko hilo linamgusa nani na kwa gharama gani. Mkulima wa kwanza anafurahi. Jirani zake nao wanapovuna, bei inaporomoka, na dalali anayenunua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, katika njia panda ya Isyonje anadai gunia lishonewe kilemba kirefu zaidi. Udongo unachoka, watoto wanakosa shule kwa sababu mavuno hayana tena msimu, na hatimaye milima yote imepandwa mbegu ya aina moja. Hapo historia inanisaidia, kwa kuwa njaa kuu ya Ayalandi iliyoanza mwaka 1845 ilitokana na ukungu ulioangamiza viazi vya wakulima maskini ambao wengi wao walitegemea aina moja tu. Ukungu huohuo hupenda baridi na unyevu, na baridi na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Uporoto.

Udhaifu ninaoukuta mara nyingi katika miswada ya waandishi chipukizi ni kumleta mtaalamu kutoka mjini ili aeleze ajabu hiyo kwa kurasa mbili. Mimi huikabidhi kwa mtu aliye kazini:

"Alipofukua shina la tatu aliweka jembe chini, akakishika kiazi na kukisugua kwa kidole gumba. Ngozi haikuambuka. Samadi aliyoitia siku ya kupanda ilikuwa bado haijaoza."

Mkulima yeyote wa huku anajua kwamba kiazi ambacho ngozi yake haiambuki kimekomaa, na anajua samadi mbichi inavyofanana. Ushahidi huo wa pande mbili unagongana mbele ya macho yake, naye anaiona ajabu kabla sijaitaja. Hata Kimondo cha Mbozi, ambacho wengi hutaka kukigeuza chombo cha wageni kutoka angani, kinahitaji uangalifu huohuo: ni chuma kwa takribani asilimia 90, kikiwa na nikeli, na msomaji wa Vwawa aliyekigusa kwa mkono wake hatakubali kiwe kitu kingine bila sababu nzito.

Kipato cha kazi hii ni kidogo, kwa kuwa wachapishaji wengi hutegemea soko la shule. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, imetupa angalau sababu ya kumaliza miswada kwa wakati. Mimi huandika alfajiri kabla ya ajira yangu, na siku za mapumziko huenda sokoni au shambani kuuliza maswali.

Swali moja la namna hiyo ndilo linaloniongoza sasa. Kiazi kikivunwa hakichipui papo hapo. Hulala kwa wiki nyingi kabla ya kufaa kuwa mbegu. Ningeweza kuufuta usingizi huo, lakini hiyo ingekuwa ruhusa ya pili. Nimeuacha, na matokeo yake ni kwamba mkulima anayevuna baada ya siku 30 hawezi kupanda tena mara moja kutoka shambani mwake, hivyo nguvu yote inahamia kwa yule mwenye ghala lenye mbegu zilizokwisha kuamka. Mwenye ghala huyo, ambaye awali alikuwa mpita njia tu katika kisa, sasa ndiye mhusika wangu mkuu.