Je, wajua kwa nini mbunge wa kwanza wa Hawaii aliapa kwa mkono wa kushoto?

Agosti 1959, Hawaii ikiwa ndiyo kwanza imekuwa jimbo la 50 la Marekani, Spika Sam Rayburn alimtaka mbunge wake mpya ainue mkono wa kulia ale kiapo. Daniel Inouye akainua wa kushoto. Hakukosea. Wa kulia aliuacha Italia.

Inouye alizaliwa Honolulu mwaka 1924, mtoto wa familia yenye asili ya Japani. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko huko Hawaii, Desemba 1941, alikuwa na miaka 17 na alijua huduma ya kwanza, akakimbilia kuwahudumia majeruhi. Haikumsaidia kitu. Vijana wa asili yake walihesabiwa kuwa raia wa adui, jeshini hawatakiwi. Zuio lilipoondolewa mwaka 1943, aliacha masomo ya kumwandaa kuwa daktari, naye alitamani hasa upasuaji, akajiunga na Kikosi cha 442 cha Wamarekani wenye asili ya Japani. Baadhi ya wenzake walitokea kwenye kambi za kizuizini ambako serikali ya Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Japani, na wazazi wao wakabaki humo humo nyuma ya seng'enge. Moyo wa kupigania serikali hiyo waliutoa wapi, mimi sijui.

Huko Ufaransa risasi ilimpata kifuani, ikazuiwa na sarafu mbili za dola zilizokuwa mfukoni. Akawa anatembea nazo kama hirizi, hadi zikampotea muda mfupi kabla ya Aprili 21, 1945.

Siku hiyo, karibu na San Terenzo, Luteni Inouye aliongoza askari wake kupanda kilima kilicholindwa na bunduki za rashasha za Wajerumani. Alipigwa risasi tumboni, akaendelea kupanda. Alipokaribia ngome ya tatu, guruneti mkononi limeshachomolewa pini, kombora likampiga kwenye kiwiko. Mkono ukabaki unaning'inia, ngumi bado imelibana lile guruneti. Askari wake wakataka kumkimbilia, akawapigia kelele wakae mbali: vidole vikilegea tu, wote wamekwisha. Akalichomoa kwa mkono wa kushoto, akalirusha ndani ya ngome, kisha akasonga mbele akifyatua bunduki kwa mkono huo huo mpaka risasi nyingine ya mguu ikamwangusha.

Ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo. Katika hospitali ya jeshi huko Michigan alikutana na Bob Dole wa Kansas, aliyejeruhiwa Italia hiyo hiyo wiki moja kabla yake. Dole alimweleza mpango wake: sheria, siasa, kisha Bunge la Marekani. Inouye akaufuata mpango wa mwenzake na kufika kabla yake, kwani Dole alichaguliwa mwaka 1960. Tangu 1963 Inouye alikuwa seneta hadi alipofariki Desemba 2012.

Ila njiani kurudi nyumbani kutoka vitani, kapteni mwenye nishani kifuani na mkono mmoja, kinyozi wa San Francisco alikataa kumnyoa kwa sababu ni Mjapani. Na nishani ya juu kabisa, Nishani ya Heshima, hakupewa wakati huo, akapewa ya chini yake. Miaka ya 1990 Bunge liliagiza kumbukumbu za wanajeshi wenye asili ya Asia zipitiwe upya, na Juni 2000 Rais Bill Clinton akawatunuku 22. Waliokuwa hai kuipokea, Inouye akiwemo, ni 7 tu.