Kiungo aliyepasuliwa goti arudi acheze wapi?

Kila ligi inapokaribia kuanza, makocha wa hapa Malindi hunipigia simu na swali ni moja. "Fizio, kijana si ameshapona? Nimweke winga kwanza mpaka pumzi irudi?" Asiposema winga atasema namba tisa, asimame mbele asubiri mpira. Nia yao ni njema. Kiungo wao amekaa nje karibu mwaka mzima, katikati ya uwanja kuna msongamano na vikumbo, basi wanaona afadhali wamsogeze pembeni. Kwa goti lililopasuliwa, pembeni hakuna afadhali yoyote.

Mimi ni mtu wa tiba ya viungo, na hapa nazungumzia jeraha moja tu: kukatika kwa kano ya mbele ya goti, ile ambayo siku hizi hata watoto wa madrasa wanaiita ACL. Wengi hudhani kano hii hukatwa na rafu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa video za majeraha 134 ya ACL ya wachezaji wa kulipwa nchini Italia. Yaliyotokana na goti kugongwa moja kwa moja yalikuwa asilimia 12 tu. Katika mengine yote goti lenyewe halikuguswa: ama mchezaji alikuwa peke yake, ama alisukumwa bega au kiwiliwili, akakanyaga vibaya. Na karibu nusu ya hayo yalitokea mchezaji akimkimbilia mwenye mpira ili amkabe. Anakwenda kasi, mwenye mpira anamhadaa, anafunga breki kwa mguu mmoja, goti linaangukia ndani. Kano inakwenda.

Hapo ndipo pa kuanzia unapompangia mtu namba. Kuna mwendo ambao mchezaji anauanza mwenyewe, anajua anakwenda wapi na atasimama wapi. Na kuna mwendo anaolazimishwa na mwenzake, mguu ukiwa umeshatua na akili bado inatafuta. Ule wa pili unalielemea goti zaidi, kwa sababu misuli haikupata nafasi ya kujiandaa. Kwa hiyo kocha akiniuliza namba gani, mimi namuuliza: kwenye timu yako, nani hukimbizwa kwa hila za wengine, na nani huchagua mwendo wake?

Winga kwanza. Makocha wanapima pumzi, na kwa pumzi wana haki: kiungo wa kati ndiye anayetembea na kukimbia zaidi uwanjani, kilomita 10 hadi 12 kwa mechi katika ligi kubwa. Lakini nyingi ya hizo ni mwendo wa wastani. Winga na beki wa pembeni ndio wanaofyatuka kwa kasi ya mwisho, kisha wanasimama ghafla na kukata ndani. Goti halihesabu kilomita, linahesabu breki. Tuktuk inayokwenda Watamu na kurudi kwa barabara iliyonyooka haili breki kama ile inayozunguka sokoni asubuhi nzima. Kumweka kijana winga "apate pumzi" ni kumpeleka sokoni.

Sasa kocha mjanja atasema: basi namba sita, akae mbele ya mabeki, mbio chache, pasi fupi. Hapa ndipo nabishana na watu wengi, wakiwemo wenzangu wa tiba. Ni kweli namba sita hana mbio ndefu nyingi. Lakini kazi yake ni ile ile tuliyoiona kwenye video za Italia: kumtokea mwenye mpira. Tena kwenye timu zetu hali ni mbaya zaidi. Timu ya kulipwa ikishikana vizuri, namba sita anasogea hatua tatu nne, anaziba, amemaliza. Njoo uwanja wa Alaskan jioni uone. Ikifika dakika ya sitini timu imekatika vipande viwili, watano wako mbele wanadai mpira, mabeki wamerudi nyuma hadi langoni mwao, na katikati kuna kiwanja kizima cha namba sita peke yake. Anakimbia mita 20 kwa nguvu zote kumkuta mtu aliyesimama na mpira anamngojea kwa chenga. Siwezi kubuni mtihani mbaya zaidi kwa kano mpya.

Jibu langu, kwa miezi ya mwanzo, ni namba nane. Viungo watatu, nyuma yake awepo mkataji wa kweli, na yeye awe wa pili kumfikia mwenye mpira, asiwe wa kwanza. Anapokea mpira akiwa ametazama mbele au nusu amegeuka. Mbio zake nyingi za kupanda ni za kuchagua mwenyewe: anaona nafasi, anaanza, anajua anaishia wapi. Namba kumi nayo inafaa kama timu haimlazimishi kuwa wa kwanza kumkimbiza beki, yule anayecheza nyuma ya mshambuliaji, ila namba kumi wengi wa kwetu hupokea mpira wakiwa wamelipa goli mgongo na beki amewapanda, halafu wanageuka kwa nguvu. Hilo silipendi.

Mtazameni kiungo Ilkay Gündogan. Alikatika ACL Desemba 2016 akiichezea Manchester City dhidi ya Watford, na kabla ya hapo alikuwa amekosa Kombe la Dunia la 2014 kwa sababu ya mgongo. Msimu wa 2020/21 alisogezwa karibu na goli, akafunga mabao 13 ya ligi, akaongoza ufungaji katika timu iliyochukua ubingwa. Sidai alisogezwa kwa ajili ya goti. Kocha wake, Guardiola, alikuwa na hesabu zake. Ninachotaka mwone ni namna alivyokuwa akifika kwenye boksi: kwa kuchelewa, bila mtu wa kumkimbiza, kwa wakati aliouchagua yeye.

Na wetu, Victor Wanyama. Namba sita halisi, mtu wa vikumbo. Goti lilimweka nje miezi kadhaa tangu Agosti 2017 akiwa Tottenham. Februari 2018 akaingizwa kutoka benchi pale Anfield, uwanja wa Liverpool, mpira ukatemwa nje ya boksi, naye akaja uso mbele akauchapa wavuni kwa shuti ambalo Wakenya bado tunalirusha kwenye simu. Baada ya hapo goti liliendelea kumsumbua, na Machi 2020 akaenda Montreal. Nisimsingizie namba sita kwamba ndiyo iliyommaliza. Lakini kila nikiliona lile bao nasema, kijana anayerudi angepata kazi kama ile kwa dakika 25, ningelala vizuri.

Haya yote hayana maana kama kijana hajawa tayari, na hapa niende haraka kwa sababu mengi yanajulikana. Mshipa uliopandikizwa badala ya kano iliyokatika, mara nyingi hutolewa nyuma ya paja au chini ya kilegesambwa, hudhoofika kwanza kabla haujapata nguvu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 tangu upasuaji ndipo ulipo dhaifu zaidi, na ndipo mgonjwa anapojisikia mzima. Utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi mwezi wa tisa tangu upasuaji, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa asilimia 51. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne hukatika tena, ama goti lile lile ama la pili. Kwa hiyo mwezi wa sita tangu apasuliwe sitaki kusikia habari za mechi, hata iwe fainali. Wanaompeleka kijana kukandwa kwa mafuta, sina ugomvi nao kwa misuli iliyokaza, ila kano iliyokatika haikandiki.

Kuhusu ufuo lazima niseme zaidi, maana kila mtu hapa hujirudisha kwa kukimbia Silversands. Mchanga ni mzuri kwa mwezi wa nne na wa tano tangu upasuaji: maji yakitoka, pale penye unyevu na ugumu, mbio za polepole, zilizonyooka. Ufuo una mteremko, kwa hiyo nenda na urudi umbali ule ule, ili kila mguu upate zamu ya kuwa upande wa chini. Mchanga mkavu wa juu unachosha misuli vizuri lakini unakupunguzia mshindo. Na kasoro yake ndiyo hiyo. Mguu unateleza kidogo kila unaposimama, goti halishikwi. Siku kijana akivaa viatu vya njumu kwenye nyasi ngumu baada ya mvua, mguu unang'ang'ania chini na mwili unaendelea. Nimeona vijana walio simba ufuoni ambao hawajawahi kufunga breki hata mara moja tangu wapasuliwe. Kuanzia mwezi wa saba, kama nguvu zipo, mazoezi yahamie uwanjani na viatu vile vile vya mechi.

Vipimo vyangu havihitaji mashine ya Nairobi. Namwambia aruke kwa mguu mmoja, kisha aruke mara tatu mfululizo, napima umbali kwa futi ya fundi, nalinganisha miguu miwili. Nataka asilimia 90 au zaidi. Ila kuna mtego: mguu mzima nao umekaa bure miezi yote hiyo, umedhoofika, hivyo unaweza kupata asilimia 95 ya kitu kibovu. Tena mtu anaweza kuruka mbali kwa kutumia nyonga na kifundo, goti likawa limepumzika. Ndiyo maana napima pia msuli wa mbele wa paja peke yake, mguu mmoja mmoja, kwenye mashine ya kunyoosha goti pale jimu.

Turudi kwa kocha na mechi ya kwanza. Desturi ni kumwingiza dakika 20 za mwisho. Mimi sipendelei. Anayeingia mwishoni ametoka kukaa kwenye benchi, ana hamu ya mwaka mzima, mashabiki wanamwimba jina, na anamkimbilia kila mwenye mpira. Zile video za Italia zinaonyesha zaidi ya nusu ya majeraha kipindi cha kwanza, kwa hiyo si uchovu peke yake unaoua magoti. Bora aanze, apashe mwili moto na wenzake kwa dakika 20 kamili kama mpango wa FIFA wa kuzuia majeraha, 11+, unavyotaka, acheze nusu saa, atoke hata kama anang'ara. Hasa akiwa anang'ara.

Baada ya miezi miwili mitatu ya namba nane, kijana atadai namba yake ya zamani, na wengi wao ni namba sita. Hapo namfanyia jaribio moja. Anakimbia kuelekea kwangu kwa kasi, na akiwa hatua mbili tu mbali naonyesha kushoto au kulia kwa mkono, akate upande huo. Mwenzake anamrekodi kwa simu, mwendo wa polepole. Tunatazama pamoja goti linaangukia wapi mguu unapotua, na kama kiwiliwili kinalalia upande usiofaa. Kisha nafanya hivyo hivyo akiwa amechoka, mwisho wa mazoezi. Goti likibaki juu ya vidole vya mguu mara zote mbili, namwambia kocha ampe namba sita yake, kwa sharti kwamba wale watano wa mbele nao wajifunze kurudi.