Nyumba ya Urithi Ngamiani: Kuiuza Kama Ilivyo Bila Kujiletea Kesi

Swali huja ndani ya bahasha ya kaki. Mna barua ya ofa ya kiwanja ya zamani iliyokunjwa mara nne, risiti mbili tatu za kodi ya ardhi na cheti cha kifo cha baba. Mwenye bahasha hukaa, hushusha pumzi, kisha husema: "Nyumba ya mzee pale Ngamiani tumeshakubaliana tuiuze. Sasa tuitengeneze kwanza, au tuiuze hivyo hivyo?"

Mimi ni mthamini katika taasisi inayokopesha fedha za nyumba, na kwa nyumba nyingi kongwe za Ngamiani na kwingineko Tanga mjini jibu langu ni lile lile: iuzeni hivyo hivyo, na hela ya saruji na rangi ipelekeni kwenye makaratasi. Jibu hili huwaudhi watu, hasa wale ambao wameshapatana bei na fundi, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tuanze na ukuta. Nyumba ya kawaida katika yale mabarabara ya namba ya Ngamiani ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na choo mwisho wa ua. Zile za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, au kwa miti na udongo, zikapakwa chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unaingia na kutoka, na ndiyo maana nyumba hizo zimesimama miaka yote hiyo karibu na bahari. Warithi wakitaka kuuza huita fundi apige lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta. Ukuta umezibwa. Maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na masika yakipita, lipu inabanduka mapande mapande kama ganda la muhogo uliochemshwa. Mnunuzi aliyeona ukuta mweupe mwezi wa Januari, mwezi wa Juni anaanza kutafuta namba ya simu ya aliyemuuzia.

Nyumba za baadaye, zile za matofali na lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha), zina maradhi mengine. Palipotumika mchanga wa ufukweni, chumvi inakula nondo. Nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa wa namna hiyo ukiuziba kwa saruji unarudi palepale, kwa kuwa tatizo limo ndani ya chuma. Matengenezo ya kuuzia mara nyingi ndiyo haya: yanagusa kinachoonekana na kuacha kinachoumwa. Mimi huona heri ufa ulio wazi kuliko ufa uliopakwa rangi, maana ule wa wazi naweza kuupima.

Halafu kuna hesabu. Nikithamini nyumba kongwe natazama vitu viwili, ardhi na jengo, kisha jengo nalipunguzia uchakavu. Maeneo ya Ngamiani yaliyo karibu na soko na barabara za biashara, kiwanja ndicho kinachobeba bei. Anayekuja kununua mara nyingi ana ramani yake kichwani: atabomoa, ajenge fremu za maduka mbele na vyumba nyuma. Mtu huyo dari jipya halimhusu. Chukulia nyumba inayoweza kuuzwa shilingi milioni 60 ilivyo. Warithi wakachangishana milioni 14, wakabadilisha bati, wakapiga lipu, wakaweka vigae ukumbini. Mnunuzi akaja na milioni 66. Wameongeza milioni 6 kwa kutumia 14, na miezi mitano imepita wakigombana nani alichangia na nani hakuchangia.

Ningesema vingine kama nyumba iko Raskazone, mtaa wa makazi hapa Tanga, imara, na wanunuzi wake ni watu wa kuhamia na familia. Hapo matengenezo hulipa. Hata Ngamiani, fagieni ua, ondoeni magodoro yaliyooza, na nyaya za umeme zilizo wazi zikatwe kabla hazijamuumiza mtu anayekuja kukagua. Zaidi ya hapo, wekeni mfuko kando.

Jambo moja muuzaji alijue mapema: nyumba iliyochakaa sana hainunuliki kwa mkopo wa benki. Nasema nikiwa ndani ya fani hiyo. Tukiletewa jengo ambalo kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa, tunasita, kwa sababu ndilo litakalokuwa dhamana yetu. Kwa hiyo anayeuza kama ilivyo anauzia watu wenye fedha mkononi. Hao ni wachache na wanajua kubishana bei.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kuna wanaodhani maneno "nauza kama ilivyo" ni kinga, kwamba ukishayatamka huna deni la kusema lolote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Kunyamaza tu peke yake kwa kawaida si udanganyifu, lakini kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo aliyedanganywa anaweza kuukataa. Kusogeza kabati mbele ya ufa ni kuficha. Kujibu "hapana" ulipoulizwa kama karo la choo limewahi kutitia, na unajua lilititia, ni kudanganya. Masheikh wetu wana hukumu yao kwa mlango huo huo, khiyari ya aibu: aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana haki ya kukirudisha.

Sheria hiyo hiyo inamwangalia na mnunuzi. Aliyekuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, akazembea, hawezi kuegemea ukimya wa muuzaji. Kwa hiyo mfungulieni milango yote. Mwambieni aje na fundi wake, apande darini, afunike na kufunua karo atakavyo. Kisha wakili aandike kwenye mkataba kwamba mnunuzi ameikagua nyumba tarehe fulani akiwa na fundi wake, ameonyeshwa kasoro zifuatazo, na anainunua katika hali hiyo. Kasoro ziandikwe kwa majina: bati linavuja chumba cha pili kulia, ukuta wa ua umepinda, mchwa kwenye kenchi za nyuma. Sentensi ya jumla isiyotaja kitu haimsaidii mtu mbele ya hakimu.

Niliwahi kwenda kukagua nyumba moja nikapokewa na bibi aliyejitanda leso. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Hakunipeleka ukumbini, alinishika mkono moja kwa moja hadi uani. "Hapa panavuja. Hapa pana mchwa. Na hili karo lilizama mwaka wa mvua nyingi, tukalijaza kifusi. Andika." Wanawe nyuma yake walikuwa wakimkonyeza macho. Akageuka akawaambia, "Mficha uchi hazai," akaendelea na darini. Mnunuzi alipunguza bei kidogo, akalipa, na hajawahi kurudi kulalamika.

Tofauti na ukuta, makaratasi hayauziki kama yalivyo. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kwenda mahakamani, na kaka mkubwa hawi msimamizi kwa ukubwa wake. Hata akiwa na barua ya usimamizi, namshauri achukue saini za warithi wote, pamoja na yule dada aliyeolewa Mombasa ambaye kila mtu anadhani hana neno. Nyumba ikiwa ya mume na mke wanaoishi humo, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuzwa. Mauziano yaliyoruka hatua hizi yamejaza mafaili mahakamani.

Uhamisho wa miliki hupita ofisi ya ardhi, na hautapita ikiwa kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Bili ya maji ya Tanga UWASA imalizeni. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo nyumba iliyofungwa muda mrefu bila kununuliwa umeme huwa na deni lililolala kwenye mita. Mnunuzi atakutana nalo siku atakapoweka umeme wa kwanza. Kwa Mamlaka ya Mapato kuna ushuru wa stempu, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Gharama zenye risiti hupunguza faida hiyo. Fundi wa lipu, kama tujuavyo, hatoi risiti.

Dalali ni mtu wa msaada, lakini ujira wake na bei yenu viandikwe kabla hajaleta mteja. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, kipokelewe kwa maandishi, na yaseme kitarudi au hakirudi mnunuzi akijitoa. Wapangaji na jamaa wanaoishi vyumba vya nyuma waambiwe mapema na tarehe ya kuhama iandikwe; mama mdogo aliyekaa uani miaka 20 asisikie habari kwa mnunuzi.

Na mlango. Wako watu wanaopita mitaani wakitazama milango ya kuchonga, na wakisikia nyumba inauzwa huwahi kabla ya mnunuzi, na bunda la noti mkononi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya 1940, kwa hiyo usikubali ung'olewe kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Hata ukiwa mlango wa juzi, mnunuzi aliikagua nyumba ukiwa umesimama pale. Ukiondoka kabla ya makabidhiano, pamoja na bawaba zake, tangi la maji au madirisha ya nyuma, nyumba mnayomkabidhi si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Siku ya ukaguzi pigeni picha kila chumba, na siku ya kukabidhi funguo mzunguke naye tena na picha hizo mkononi.